Naomba ushauri kuhusu mapanga ya feni ya kabati la kukaushia viungo, Tanga

Mkausha Viungo

Asalaam aleikum, ndugu zangu. Kikundi chetu kipo Tanga mjini, nacho hukausha iliki na pilipili manga zinazoshuka kutoka Amani na vijiji vya Muheza. Wakati wa kaskazi jua na turubai hututosha, lakini masika yakiingia pilipili hushika ukungu kabla haijakauka, na mnunuzi akiuona ukungu huo hushusha bei au huukataa mzigo wote. Kwa sababu hiyo tulinunua kabati la kukaushia lililokwisha kutumika, lenye jiko la kuni pembeni, trei nane zilizopangwa moja juu ya nyingine, na feni moja chini inayosukuma hewa ipite katika trei zote kwa mfululizo.

Feni hiyo ina kipenyo cha sentimita 50 na mapanga manne ya bati bapa, yaliyochomelewa kwenye kitovu chembamba kwa pembe ya nyuzi 35 kutoka usawa wa mzunguko, ile ile kuanzia shinani hadi nchani. Mota ni ya farasi mmoja, yenye mizunguko 1,440 kwa dakika. Trei zikiwa tupu upepo ni mzuri sana. Tukizijaza, feni hunguruma, mota hupata joto, na ukipeleka karatasi mbele ya wavu wa nyuma, usawa wa kitovu, unaona hewa ikirudi ilikotoka. Fundi mmoja ametushauri tuongeze mapanga yawe manane, mwingine anasema tuzidishe pembe ifike nyuzi 45. Kabla hatujakata bati naomba mwenye ujuzi anieleze lipi ni sahihi na kwa nini.

Fundi wa Ngamiani

Waaleikum salaam. Ndugu yangu, msizidishe pembe. Tatizo lenu ni kwamba pembe imeshazidi, hasa nchani, na naomba nilieleze kwa hesabu kwa sababu bila hesabu tutabaki kubishana.

Panga halikutani na hewa iliyosimama. Hewa inaingia kwa kasi yake kuelekea mbele, na panga nalo linakata kwa upande. Kwa kipenyo cha sentimita 50 na mizunguko 1,440, ncha hukimbia karibu mita 38 kwa sekunde, lakini sehemu iliyo sentimita 10 kutoka katikati hukimbia mita 15 tu. Tuseme mnataka mita moja ya ujazo ya hewa kila sekunde, na kitovu kiwe na kipenyo cha sentimita 20: hewa itapita kwenye feni kwa mita 6 hivi kwa sekunde. Ukichora pembetatu ya kasi hizo mbili, utaona hewa inaikuta ncha kwa nyuzi 9, na inalikuta shina kwa nyuzi 22. Ongeza nyuzi nne au tano ili panga lipate kuisukuma, nawe unapata takriban nyuzi 14 nchani, 18 katikati na 27 shinani. Ndiyo maana panga zuri limesokotwa, na bati bapa lenye pembe moja haliwezi kufanya kazi vizuri kwa urefu wake wote.

Sasa tazama panga lenu la nyuzi 35. Nchani limezidi pembe ya hewa kwa nyuzi 26, ilhali panga likizidi nyuzi 12 hadi 15 hivi, hewa hubanduka mgongoni mwake na kuwa vurugu tupu. Nahodha wa ngalawa anayajua haya: tanga likivutwa kupita kiasi chombo hakiongezi mwendo, kinapoteza. Mkijaza trei, hewa hupungua kasi, kwa hiyo pembe ya kuikuta ncha hushuka na ile ziada huzidi kuwa kubwa. Hiyo ndiyo sababu ya ngurumo. Mota nayo hupata joto kwa sababu feni ya namna hii hudai nguvu nyingi zaidi inapozibwa, na upepo wenyewe wa kuipoza ni mdogo. Ile hewa inayorudi katikati inatokana na shina kwenda polepole mno kiasi cha kushindwa kuhimili mgandamizo uliopo ndani ya kabati. Kitovu kinene zaidi kingeifunga njia hiyo.

Kuongeza mapanga husaidia mgandamizo, ila mapanga manane yenye pembe mbaya yatakuwa makosa manane. Angalieni pia mwanya kati ya ncha na duara la bati. Kwa feni yenu usizidi milimita 5, kwa maana hewa iliyosukumwa hurudi nyuma kupitia hapo hapo.

Mama Karakana

Maelezo ya fundi nayaunga mkono, lakini tumekimbilia panga kabla ya kuujua mzigo wake. Chukueni mpira wa levo, ule mwangavu wa waashi, muukunje kama herufi U na kuutia maji kidogo. Ncha moja ipenyezwe kwenye tundu dogo chini ya trei ya kwanza, nyingine ibaki nje. Tofauti ya kimo cha maji ndiyo mgandamizo ambao feni inashindana nao, na kila milimita moja ni karibu paskali 10. Kasi ya hewa ipimeni kwa kifaa mahali inapotokea, kisha mzidishe kwa eneo la tundu. Namba hizo mbili zina thamani kuliko maoni yetu yote hapa.

Mkausha Viungo

Ahsanteni sana. Tumepima kabati likiwa limejaa pilipili. Maji yamepanda milimita 5, na hewa inayotoka juu ni kama nusu mita ya ujazo kwa sekunde. Mwanya wa nchani ni sentimita mbili upande mmoja na zaidi ya tatu upande wa pili, maana duara limepinda.

Fundi wa Ngamiani

Basi jibu linaanza kuonekana. Mkitaka hewa hiyo iongezeke mara mbili, upinzani hauongezeki mara mbili. Huelekea mara nne, yaani milimita 20, sawa na paskali 200. Feni ya panga ya ukubwa wenu na kasi yenu, hata ikichongwa vizuri sana, nisingeiahidi zaidi ya paskali 100 hadi 150. Kwa mpangilio huo wa trei ningetengeneza bloa, yaani feni inayovuta hewa katikati na kuitupa pembeni, yenye mapanga yanayopinda kuelekea nyuma, kinyume cha mzunguko. Hiyo huhimili mgandamizo, hufanya kazi kwa ufanisi mkubwa, na haizidishi mzigo wa mota kiholela njia ya hewa inapobadilika. Mota yenu inatosha: mita moja ya ujazo kwa paskali 200 ni wati 200 za hewa, na hata nusu ikipotea njiani mtahitaji wati 400.

Mama Karakana

Hapo natofautiana nawe kidogo, kaka. Bloa ni gharama, na konokono lake, lile gamba linaloizunguka, si jepesi kulichomelea. Kwa nini hewa ilazimishwe kupenya trei nane kwa mfululizo? Gaweni kabati liwe na njia mbili, kila moja yenye trei nne, hewa ipande kwa pamoja pande zote mbili. Kila trei itapitiwa na nusu ya hewa, na kila njia itakuwa na nusu ya trei, kwa hiyo upinzani utashuka hadi karibu moja ya nane ya zile paskali 200 kama ile hesabu ya mraba (hewa mara mbili, upinzani mara nne) inashika. Kwa tabaka la punje hautashuka kiasi hicho chote, lakini bado mtabaki ndani ya uwezo wa feni ya panga iliyosokotwa vizuri. Hewa ya juu pia haitakuwa imekwishashiba unyevu wa trei saba za chini.

Fundi wa Ngamiani

Dada, hoja yako ina nguvu, na kwa kikundi chenye fedha kidogo nakubali ianze hiyo. Mkausha Viungo, gaweni njia kwanza, kisha mchonge mapanga sita yenye zile pembe nilizotaja, kitovu cha sentimita 20, na mdomo wa kuingizia hewa uwe umeviringwa. Feni ikae upande wa hewa baridi kabla ya jiko, kwani hewa ya nyuzi joto 60 ni nyepesi kwa karibu asilimia 10, na mgandamizo hupungua kwa kadiri hiyo hiyo.

Kwa chumvi ya bahari yetu tumieni alumini, ila msiifunge kwa boliti za chuma kitupu, maana penye chumvi alumini ndiyo italiwa. Pimeni uzito wa kila panga kabla ya kufunga, na wavu wa kinga uwekwe pande zote mbili kabla ya kuwasha. Mkimaliza, rudisheni mpira wa levo mahali pale pale, kabati likiwa limejaa, mtuletee kimo cha maji na kasi ya hewa.