Vipuri vya ziada vya F-5E ya 1/48: ninunue vyote?

KijanaTudor
Wakubwa, shikamooni. Nina modeli ya ndege ya kivita F-5E, skeli ya 1/48 (ndogo mara 48 kuliko ndege halisi), nataka iwe kama zile za jeshi letu la anga la Kenya zilizoingia nchini mwishoni mwa miaka ya 1970. Umbo si baya, ila chumba cha rubani ni kitupu na kiti hakina hata mikanda. Mtandaoni nimeona chumba kizima cha rezini (utomvu wa viwandani unaomiminwa kwenye kalibu), vibati vyembamba vya shaba vya dashibodi, na matundu ya moshi ya rezini. Nikijumlisha, vinapita bei ya modeli yenyewe, na ushuru bado. Nichukue vyote? Na supaglu kwa joto hili itanikubalia?

FundiMakadara
Marahaba. Vyote vya nini? Kwanza amua kioo cha rubani kitakaa wazi au kitafungwa. Ukikifunga, chumba cha rezini utakuwa umekizika. Mimi ningenunua kiti tu. Ndege nzima ni kama sentimita 30, kiti ni upana wa kidole, lakini jicho la mtu huanzia pale.

Ila tahadhari: F-5E ilitoka kiwandani na kiti cha Northrop, kampuni iliyoiunda ndege yenyewe, na nchi nyingine baadaye zikaweka viti vya kampuni ya Martin-Baker. Wauza vipuri wanavyo vyote viwili. Tafuta picha ya ndege ile ile unayoitengeneza kabla hujatoa pesa.

Gundi ya plastiki haishiki rezini wala shaba, kwa hivyo supaglu huikwepi. Nayo hukauka kwa unyevu wa hewa, na huku kwetu unyevu ndio usiseme: ukizubaa kidogo kipande kimeshashika upande. Chovya kwa ncha ya sindano, usikamue chupa. Kwenye kioo usiiguse kabisa, mvuke wake huacha ukungu mweupe usiotoka. Tumia gundi nyeupe ya mbao.

BintiKizingo
Rezini ioshe kwa sabuni kabla ya rangi, inakuja na mafuta ya kalibu. Ukiisugua, tia msasa maji na uvae barakoa. Vumbi lake si la kuvuta. Kibati cha shaba kikikataa kupinda, kipitishe kidogo kwenye moto wa gesi, kiache kipoe. Kitalainika.

Mshipi_na_Ndoano
Matundu ya rezini ni mazito kuliko ya plastiki. Tia chubwi puani kabla hujafunga mwili, la sivyo itakalia mkia. Kibokoni wavuvi watakupa bure 😂

KijanaTudor
Ahsanteni. Basi kiti na vibati vya dashibodi, matundu nayaacha. Kiti kisipoingia je?

FundiMakadara
Kijaribu bila gundi, mwili umeufunga kwa tepu. Kikibana, kwangua kuta za plastiki kwa ndani. Kiti chenyewe usikiguse, mikanda itaondoka na msasa.