Njia ya Ujiji: tuiite ya watumwa au ya wapagazi?

Mleta mada

Wakuu, habari za jioni. Naomba tubishane kwa heshima kuhusu ile njia ya kale ya Bagamoyo, Tabora hadi Ujiji. Tangu 2006 imo kwenye orodha ya awali ya Unesco kwa jina la Njia ya Kati ya Biashara ya Watumwa na Pembe za Ndovu. Mpagazi, yaani mbeba mizigo wa msafara, hatajwi kwenye jina, na hilo ndilo linaloniuma.

Njia ilikufa reli ya Wajerumani ilipofika Tabora 1912, kisha Kigoma 1914. Kabla ya hapo kipande cha mwisho kilifuata mto Malagarasi: msafara unavushwa kwa mitumbwi ya Wavinza, unashika ukingo wa kaskazini, unakanyaga maji ya Ruchugi, ndipo unaelekea Ziwa Tanganyika. Na wabeba mizigo wengi walikuwa Wanyamwezi walioajiriwa, ujira wao nguo. Frasila mbili kwa mtu, yaani kilo 32 hivi, bado mkeka wake na chungu chake. Wakipunjwa posho walitua mizigo, au usiku walitoroka. Hao ni wafanyakazi jamani! Mtoto wa Tabora akisikia "njia ya watumwa" anadhani babu yake lazima alipita pale na mnyororo shingoni. Mimi nasema iitwe Njia ya Wapagazi.

Jibu, kutoka Ujiji

Kaka, taratibu. Mimi nimezaliwa chini ya miembe ya kale ya njia hiyo. Bibi alituambia imeota kwa kokwa walizotupa watumwa. Wengine husema ilipandwa makusudi, iwe kivuli cha misafara. Mmoja uko jirani na kwetu. Watu watatu wakishikana mikono hawaumalizi kuuzunguka, shina limejaa misumari ya mabango ya waganga na vyumba vya kupanga, na pale chini mama mmoja anauza mawese kwenye chupa za maji. Ondoa neno watumwa uone kama huo mti utabaki na cha kusema. Waliovushwa ziwa kutoka Kongo kuna aliyewauliza wanataka ujira wa nguo ngapi? Halafu tusidanganyane: wajukuu wa waliouza na wa waliouzwa tunaswali safu moja. Ndiyo maana jina laini linatupendeza.

Jibu, kutoka Urambo

Wote mmewasahau wenye njia. Mtemi Mirambo wa huku kwetu alipogombana na Waarabu wa Tabora mwaka 1871 njia ilifungwa, yule msafiri Stanley aliyekuwa akimtafuta Livingstone ikabidi azungukie kusini. Kivuko cha Malagarasi nacho kilikuwa cha mtemi Mzogera. Mpelelezi Mwingereza Burton alipofika 1858 alilipa ndipo akavuka. Stanley naye alilipa, na bado punda wake alikamatwa na mamba kulekule majini. Mbele kwa Waha alitozwa, akatozwa tena, mwisho akaamua kuwapita usiku kimyakimya. Malipo yale yaliitwa hongo, na ilikuwa ushuru halali wa mwenye nchi. Leo hongo ni ile anayoifuata Takukuru. Sijui nani alituharibia neno, lakini watoza hongo nao watajwe.

Jibu, kutoka Uvinza

Mnagombania pembe, chumvi hamuioni. Watu walikuwa wakichemsha maji ya chemchemi zetu kupata chumvi zaidi ya miaka 1,000 kabla ya msafara wa kwanza wa pembe. Wenye misafara walikuta vijia vya wachuuzi wa chumvi, wakavipanua.

Mleta mada

Dada wa Ujiji (kama ni kaka unisamehe), umenibana. Hiyo ya kuswali safu moja nimeisoma mara mbili. Narudisha nusu ya hoja: neno watumwa libaki, na wapagazi waandikwe kando yake kwa herufi za ukubwa uleule. Nusu ya pili siirudishi, maana kila anayeletwa Kwihara, karibu na Tabora, anaonyeshwa nyumba aliyokaa Livingstone, wala haambiwi nani alimbebea masanduku.

Ndugu wa Urambo, Mzogera nakubali. Na hapo nimegundua jambo: ile orodha ina vituo sita, Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Kati ya Kwihara na Ujiji hakuna hata kimoja! Kipande chote cha mtoni, pamoja na kivuko na chumvi ya ndugu yetu wa Uvinza, kimerukwa. Siku hizi tunapita juu ya Daraja la Kikwete pale Malagarasi na basi halipunguzi hata mwendo.

Kwa hiyo kabla ya kurudi kwenye jina: kuna mzee yeyote huko Uvinza anayeweza kwenda akasimama ukingoni akasema mitumbwi ilikuwa inafungwa hapa? Kama yupo, mtu amfuate wiki hii. Mimi nauli natoa.