Naomba ushauri: siku nne Ahmedabad na mamangu, mwezi wa kwanza

BintiKibokoni:
Asalaam aleikum wanajamvi. Mdogo wangu anamaliza masomo Gujarat na mahafali yake ni tarehe 11 Januari. Baada ya hapo mimi na mamangu tuna siku nne Ahmedabad, tarehe 12 hadi 15, kabla ya kurudi Mombasa.

Mama ana miaka 66. Goti la kulia linamsumbua, ngazi anapanda kwa kushika ukuta. Lakini ameshaniambia kwamba haendi India kulala hotelini. Huyu ni mama aliyetusomesha kwa bajia na viazi vya karai, na unga wa dengu alifunzwa kuukoroga na jirani yetu Mgujarati pale Mji wa Kale, zaidi ya miaka arobaini iliyopita. Jirani yule alihama, kisha tukasikia amefariki. Mama hadi leo anakoroga kwa mkono, kuzungusha upande mmoja tu, vile alivyoonyeshwa, na mwiko hautaki kabisa. Anasema anataka kuona bajia zilikotoka.

Naombeni mnisaidie. Mji wa zamani unatembeleka kwa mtu wa goti bovu? Chakula cha mtaani usiku kinafaa kwa mtu mzima? Na sisi Waislamu tutapata nyama?

KijanaWaIlala:
Dada, kwa siku nne mimi ningempeleka mama Agra akaone Taj Mahal. Ahmedabad nimepita mara mbili kikazi, nikaona maofisi na foleni za magari tu. Akirudi nyumbani watu watamuuliza Taj.

Nilikaa_Navrangpura:
Ndugu yangu wa Ilala, kwa heshima zote, wewe uliona ng'ambo moja ya mto. Sabarmati unaugawa mji. Magharibi ndiko kwenye maofisi, mashariki ndiko kwenye mji alioujenga Sultani Ahmad Shah mwaka 1411, na huo ndio UNESCO waliouingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2017, wa kwanza kati ya miji yote ya India. Agra ni mbali, mtamaliza siku mbili njiani na goti la mama litawalipia.

Dada, mimi nimeishi pale miaka mitano, nakwambia ninachokijua. Mama yako apelekwe kwanza kwenye duka la fafda. Mpishi anachukua donge la unga wa dengu, analiweka juu ya ubao, analisukuma mara moja tu kwa kitako cha kiganja. Linatoka utepe mrefu, mwembamba, unakaribia kuona mwanga wa upande wa pili ukitazama. Anaukwangua kwa kisu kirefu, anautia mafutani, anachukua donge lingine. Hakuna mashine. Unaliwa na pilipili mbichi za kukaanga, papai bichi la kukwaruza, na jalebi za moto pembeni, chumvi na sukari kwa pamoja. Watu wa mji huo Jumapili asubuhi hicho ndicho chakula. Halafu aonje khaman, unga uleule wa dengu lakini umepikwa kwa mvuke, laini kama sifongo, juu wanamwagia mbegu za haradali zilizopasuliwa kwenye mafuta. Nina hakika mama ataishika na kuibonyeza kabla ya kuila.

Mchana kaeni kwenye thali, sinia moja lenye vyakula vingi kidogo kidogo. Wanazunguka na ndoo ndogo ndogo wakiongeza, na hawaachi mpaka ufunike sahani kwa mkono. Mwambie mapema kwamba mchuzi wa dali wa Kigujarati una utamu, wanatia sukari guru, asije akadhani wamekosea.

Usiku ni Manek Chowk. Uwanja ule asubuhi ni soko la mboga, mchana ni wa masonara, na kuanzia kama saa tatu na nusu usiku masonara wakishafunga, meza za chakula zinatandazwa hadi baada ya saa sita. Kwa mtu mzima mimi nafuata kanuni moja: kinachotoka kwenye moto mbele ya macho yako, kula. Chatne za maji na barafu, acha. Maji ni ya chupa iliyofungwa.

Nyama ipo. Karibu na Teen Darwaza, lile lango la matao matatu, kuna kichochoro kinaitwa Bhatiyar Gali, ni cha wapishi wa Kiislamu tangu zamani.

MtuWaTanga:
Hapo Lal Darwaja, mtaa wa mji wa zamani, kuna msikiti wa Sidi Saiyyed, uliojengwa mwaka 1572 hadi 1573, wakati uleule mfalme Akbar wa Wamughali alipouteka mji. Sidi Saiyyed alikuwa Mhabeshi. Mtu kutoka upande wetu huu wa bahari ndiye aliyejenga kitu ambacho leo ndicho alama ya mji wote! Ukuta wa nyuma una madirisha ya jiwe lililotobolewa, na moja limechongwa mti ambao matawi yake yanasokotana hadi kwenye kona za tao. Nilisimama pale nikihesabu matawi, nikapotea, nikaanza upya. Goti halitasumbuka, kwani mti ule mnauona hata mkiwa nje.

Na ndani ya jimbo hilo bado wapo Wasidi, watu wenye asili ya Afrika. Ngoma yao wanaiita goma.

BintiKibokoni:
Nimemsomea mama ujumbe wote. Kwenye goma amenyamaza, akaniambia nirudie. Ahsanteni sana. Kile kisima cha Adalaj je? Mdogo wangu amekisifu.

Nilikaa_Navrangpura:
Ni kizuri mno. Kilikamilika mwaka 1499, kinashuka ghorofa tano chini ya ardhi, nguzo zote zimechongwa, na ukishuka joto la nje linabaki juu. Ni kilomita kama 18 kutoka mjini. Lakini ni ngazi kwenda na ngazi kurudi. Mama anaweza kukaa juu akaona vizuri, au ashuke hadi kituo cha kwanza tu. Msimharakishe.

Matembezi ya urithi yanayoanza saa mbili asubuhi hekalu la Swaminarayan, Kalupur, na kuishia Msikiti wa Ijumaa, yanachukua saa mbili na zaidi. Kwa mama ni marefu. Chukueni tuktuk hadi mdomo wa mtaa mmoja tu wa zamani, pol wanavyoiita, mwingie taratibu. Atazame milango na nguzo za mbao. Aliyekulia Mji wa Kale au Unguja hatahitaji kuelezwa.

AbuSalim_Muscat:
Dada, tarehe 14 umeiangalia? Ni Uttarayan, sikukuu ya tiara. Mji mzima unapanda juu ya mapaa, anga haionekani. Ombeni mdogo wako awatafutie paa la rafiki, lenye ngazi chache. Siku hiyo ndipo wanapokula undhiyu: viazi vikuu, biringani, maharage mabichi na ndizi, ambavyo kiasili hupikwa kwenye chungu kilichopinduliwa na kufukiwa ardhini.

Lakini uzi wa tiara unapakwa vioo vilivyosagwa, na kila mwaka unakata watu shingo barabarani. Msipande pikipiki tarehe 14 na 15. Hata kwenye tuktuk mama ajifunge mtandio shingoni. Alfajiri pia ni baridi, chukueni masweta. Na cheti cha homa ya manjano kikae na pasipoti, India wanakidai kwa anayetoka Kenya.

BintiKibokoni:
Tumeamua. Tarehe 12 fafda na msikiti wa Sidi Saiyyed, usiku Manek Chowk. Tarehe 13 pol mmoja na thali. Tarehe 14 paani. Tarehe 15 Adalaj, mama akikaa juu. Swali lake la mwisho: wenye duka la fafda watamruhusu asimame karibu, auangalie mkono?

Nilikaa_Navrangpura:
Watamruhusu, watafurahi. Nendeni saa moja asubuhi kabla watu hawajajaa. Mfundishe aseme "kem cho", ndiyo hujambo yao.

BintiKibokoni:
Analijua. Anasema jirani alikuwa akimwita hivyo dirishani kila asubuhi.