Vipande vya rangi ya fedha nisivyovijua: nivitambueje kabla ya kuyeyusha?

Mvukuto
Wakuu, habari za kazi. Nina tanuri dogo la mkaa, na mpaka leo nimekuwa nikisubu pistoni chakavu peke yake kwa sababu najua ni alumini. Sasa nimeletewa gunia la vyuma mchanganyiko. Nimepitisha sumaku, vilivyonasa nimevitenga. Vilivyobaki vingi navijua, ila vitatu vimenishinda: kasha lililopasuka la msumeno wa mnyororo, jepesi ajabu, kitasa cha mlango, kidogo lakini kizito, kinang'aa kama kioo, na kipande cha fremu ya dirisha. Nikivipiga tupa, vyote vinatoa weupe uleule. Nataka kusubu puli. Nivitie vyote chungu kimoja, au kuna njia ya kuvijua bila maabara?

FundiTanuri
Usiwashe moto kwanza, ndugu yangu. Hicho kitasa na fremu tutavizungumza, lakini hilo kasha la msumeno ndilo lililonifanya niache kazi nikuandikie. Makasha mengi ya misumeno hiyo ni magnesiamu, sio alumini. Kwa macho huwezi kuyatofautisha, na kwa kuyeyuka yamekaribiana mno: magnesiamu nyuzi 650, alumini 660.

Mimi kilinikuta. Kipande cha aina hiyo nilikitanguliza kwenye chungu kitupu kilichokwisha kuwa chekundu. Kikalegea kama alumini tu, halafu ukingoni ukatokea mwanga mweupe, mkali kama wa kuchomelea, na moshi mweupe mzito. Kijana niliyekuwa naye akachota ndoo ya maji. Nilimshika mkono akiwa hatua mbili tu kutoka tanurini. Angemwaga, tusingekuwa na mikono ya kuandikia leo: magnesiamu inayoungua huyapasua maji, inachukua oksijeni na kuachia hidrojeni, hapohapo kwenye moto. Tulirudi nyuma, hatukuutazama ule mwanga, tukaacha kiungue mpaka kikaisha. Chungu kiliharibika.

Tangu siku ile, hakuna kipande kinachoingia tanurini kwangu bila kupimwa majini. Fanya hivi. Pima kipande kikiwa kikavu, andika gramu zake. Kisha weka bakuli la maji juu ya mizani ya kidijitali, ubonyeze isome sifuri. Kifunge kipande uzi mwembamba, kizamishe chote huku umeushika uzi, kisiguse kitako wala kingo za bakuli. Kitikise kidogo, maana viputo vya hewa hujificha kwenye matundu ya skrubu na kukudanganya. Gramu zitakazosomeka ndizo sentimita za ujazo za kipande chako. Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo. Ukipata karibu na 1.8, ni magnesiamu. 2.7, alumini. 6.6 hadi 7.1, zinki na jamii yake. Ikipita 11, hiyo ni risasi, iache kabisa.

Skrubu za chuma zing'oe kwanza, zitakuharibia hesabu.

Baada ya hapo thibitisha kwa siki. Kwaruza mpaka uone metali safi, dondosha tone moja, inama uangalie. Kwenye alumini tone hutulia. Kwenye magnesiamu huanza kutoa povu papo hapo, na ukitega sikio utalisikia likichacha. Unga wa tupa uufute kwa kitambaa, usiuache karibu na moto.

Mchanga_Mbichi
Mkuu FundiTanuri kasema kweli. Mimi naongezea kuhusu kitasa. Vitasa vingi vya kung'aa ni zinki ya kusubu iliyopakwa kromu. Zinki inayeyuka nyuzi 420 tu na inachemka 907. Ukiitia kwenye chungu cha alumini moto ukakuzidi, utaona moshi mweupe na vinyuzi vyeupe vinavyoelea kama pamba. Ukiuvuta, jioni unatetemeka kwa homa. Na hata usipougua, alumini iliyoingiwa na zinki hiyo huwezi kujua itakuwaje. Iweke kopo lake, siku nyingine uiyeyushe peke yake kwa moto mdogo, mahali penye upepo.

Mvukuto
Nimepima, wakuu. Kasha: gramu 412 kavu, majini 228, sawa na 1.8. Siki imetoa povu kabla sijainua kijiko. Nimekaa chini kidogo, maana jana lilikuwa la kwanza kwenye foleni ya kuyeyushwa. Kitasa: 298 kwa 45, yaani 6.6. Fremu: 540 kwa 200, yaani 2.7. Basi fremu inafaa kwa puli?

FundiTanuri
Alhamdulillah. Fremu ni alumini, lakini ni ya kusukumwa kwenye umbo, haina silikoni nyingi. Ukiimimina peke yake inaganda kabla ya kufika kwenye pembe nyembamba, na huwa na nyufa ikipoa. Pistoni zako zina silikoni nyingi, kwa kawaida kama asilimia 12, ndiyo maana zimekuwa zikikutii. Fanya pistoni ziwe sehemu kubwa, fremu uichanganye kidogo.

Ikate iwe vipande vifupi vilivyo wazi pande zote mbili. Bomba lililoziba likiwa na maji ndani hulipuka kwenye chungu. Viweke juu ya tanuri vipate joto vikauke kabisa kabla ya kuvizamisha.

Mvukuto
Nimeelewa, kaka. Kasha nimeliandika kwa rangi nyekundu MAGNESIAMU, USIYEYUSHE, nimelitoa nje ya karakana. Fremu nimeshaikata, na ndani ya kipande kimoja kulikuwa na matope mabichi.