Tupeane uzoefu: kutembea na kuendesha baiskeli kwenye njia ya lami ya msituni, kando ya mfereji

Wakuu, heshima kwenu. Kuna zile njia za lami zinazopita katikati ya miti, mfereji upande mmoja, msitu upande wa pili, magari hayaingii. Mimi ni mtu wa miguu zaidi, baiskeli napanda nikiwa na siku ndefu. Tusimuliane yaliyotukuta humo, hasa yale ambayo mtu hayajui mpaka ayapitie. Picha za machweo tuziache, zimetosha.

Naanza. Lami ya msituni si lami ya barabarani. Mizizi hupita chini yake kufuata unyevu, ikinenepa inainyanyua, na baada ya miaka kadhaa njia inakuwa kama mgongo wa mamba. Ukitembea unaona matuta yote. Ukiwa juu ya baiskeli, vivuli vya majani vinachezacheza na kuyaficha, na miwani ya jua ndiyo inamaliza kabisa. Siku hizi nikikaribia kivuli kizito navua miwani kwanza, halafu nalegeza viwiko ili mtikiso usifike mabegani.

Kanyaga Twende:
Mizizi nakazia. Ila langu mimi ni makalio, mnisamehe. Watu hudhani njia tambarare ni ya mteremko! Kwenye vilima kuna mahali unaacha kukanyaga, unainuka kwenye kiti, mwili unapumua. Kando ya mfereji hupewi nafasi hiyo. Unakanyaga saa nzima, mkao uleule, gia ileile, mpaka viganja vinakufa ganzi. Dawa yangu ni kusimama juu ya pedeli kila baada ya muda hata kama sijachoka, na kuhamisha mikono kwenye usukani.

Halafu upepo. Miti ikiisha na mfereji umenyooka, unakuja wote usoni. Ukiona leo una mbio zisizo zako, ujue upepo uko mgongoni na kurudi utaulipia. Mimi naanza kwa kuupinga nikiwa na nguvu.

Mzee wa Kengele:
Huo utambarare una sababu, vijana. Maji ya mfereji yamelala sawa, na njia ya kando yake imelala nayo. Nyingi zilianza kama njia za farasi na nyumbu (wale chotara wa punda na farasi) waliovuta mashua kwa kamba, kabla ya injini. Canal du Midi ya Ufaransa, ya km 240, ilifunguliwa 1681. Chesapeake and Ohio ya Marekani ina malango 74 ya kupandishia na kushushia mashua katika km 297, na nyumbu walizivuta mpaka mafuriko ya 1924 yakaumaliza usafiri wenyewe. (Msiende huko mkitarajia lami mwanzo mpaka mwisho, sehemu kubwa ni udongo na changarawe.)

Penye lango la mashua ndipo njia inapopanda kwa ghafla, mwinuko mfupi lakini mkali. Anayepanda kwa miguu na anayeshuka kwa baiskeli hukutana hapo hapo, kila mmoja akitazama maji. Chini ya madaraja ya zamani ni hivyo hivyo: njia imebanwa, dari iko chini, kona haionyeshi kitu. Mimi hugonga kengele kabla ya kuingia, na pakiwa pembamba nashuka naikokota. Nikiwa nimeshuka hutazama kona za mawe. Kwenye baadhi ya madaraja hayo mifuo iliyochimbwa na kamba za mashua bado ipo.

Mama Pacha:
Shikamoo Mzee. Wenye watoto, nisikilizeni. Mtoto anayejifunza baiskeli huelekea anakotazama, na kando ya mfereji anatazama bata. Kwa hiyo mimi naendesha upande wa maji, yeye upande wa miti, hata akinuna. Kingo za mifereji mingi ni ukuta wima. Kutumbukia ni sekunde, kutoka ni kazi hata kwa mtu mzima. Ngazi za kutokea nazitafuta kwa macho tangu mwanzo wa safari.

Mguu kwa Mguu:
Mnaongea kengele, lakini wengi mnaigonga mkiwa mmeshafika kisiginoni. Mtu anaruka bila kujua aruke wapi.

Kanyaga Twende:
Na ninyi mnatembea wanne mmejipanga upana wa njia, masikio yamezibwa. Nikigonga, wawili kushoto, wawili kulia, mmoja anabadili mawazo katikati!

Mguu kwa Mguu:
Hahaa, kweli. Basi tukubaliane: gonga ukiwa mbali, halafu punguza mwendo. Nami nitabaki kwenye mstari wangu bila kuruka. Mwenye mbwa afupishe kamba, maana kamba iliyokatiza njia jioni haionekani kabisa.

Mtoa mada:
Nimewapata. Kuna aliyeendesha majani yakiwa yameanguka na mvua imenyesha? Ndiyo hali inayonitisha.

Mzee wa Kengele:
Funga breki kabla ya kona, lami ikiwa bado wazi. Ukishafika juu ya majani usiiguse, hasa ya mbele, wala usilaze baiskeli. Punguza upepo wa tairi kidogo. Na majani yakiwa yamerundikana, pita katikati ya njia. Pembeni hujui lami inaishia wapi na ukingo unaanzia wapi.