Kisumu au Eldoret: tumpandishie mama ndege wapi?

Wa_Shamakhokho: Hamjambo wadau. Nampeleka mama Nairobi, kliniki ni saa nane mchana. Magoti yake hayataki tena kukunjwa ndani ya matatu siku nzima. Sisi tuko Shamakhokho, katikati ya viwanja viwili. Upi una safari fupi?

DirishaniDaima: Hewani ni mamoja. Kisumu hadi JKIA, uwanja wa Nairobi, ni kama kilomita 280 kwa mstari wa moja kwa moja, Eldoret kama 267. Hizo 13 ni dakika moja na kitu. Ndege ikizungushwa mara moja ikingoja zamu ya kutua, zimeisha. Piga hesabu ya barabara ya kufika uwanjani.

Mtu_wa_Kondele: Njoo Kisumu, dada. Chavakali, Majengo, Kiboswa, ni mteremko tu. Lakini uwanja uko ng'ambo ya mji, njia ya Busia, na asubuhi Mamboleo magari hayasongi. Toka mapema.

Chai_ya_Nandi: Eldoret huingii mjini kabisa! Serem, Kapsabet, halafu uwanja unaufikia kilomita 16 hivi kabla ya mji.

Mtu_wa_Kondele: Na ukungu je? Huko mko mita 2,150 juu ya bahari, sisi 1,150 na ushee. Msimu wa mvua nimekaa pale na leso mabegani, chai ya tatu mkononi, njia ya ndege haionekani.

Chai_ya_Nandi: Ukungu hupanda jua likichomoza vizuri. Nyinyi shida yenu ni jioni: upepo wa ziwa ukishapanda milima yetu, radi haziwapi nafasi.

Wa_Shamakhokho: Kuna anayejua ndege ya Kisumu–Eldoret? Naona ni kilomita 78 tu, pengine tungeunganisha.

DirishaniDaima: Robo saa angani, saa moja na nusu ukipanga foleni na kukaguliwa viatu. Probox ingekuwa imeshafika Kapsabet 😂

Nesi_Mstaafu: Ninyi mnabishana kilomita, mgonjwa ana magoti. Uliza ni ndege ya aina gani. Dash 8, kama zile za Jambojet, mlango wake hufunguka ukawa ngazi yenyewe, vidaraja vichache tu. Embraer iko juu, ngazi yake ndefu. Na kiti cha magurudumu kiombe siku ya kukata tiketi, usingoje kaunta.

Wa_Shamakhokho: Asante sana mama, hilo la ngazi sikuwa nimeliwaza. Basi ni Kisumu, Dash 8 ya asubuhi, kurudi kesho yake asubuhi pia, tukwepe hizo radi. Sasa mgonjwa wangu anauliza kama anaweza kuwabebea wajukuu omena.

Mtu_wa_Kondele: Abebe. Lakini azifunge mifuko mitatu, na ziende na mizigo ya chini, si miguuni pa jirani.