Mfumo mpya wa sinema ya nyumbani: picha inakatika, spika za nyuma kimya, maneno hayalingani na midomo

Msikilizaji wa Jioni

Wakuu, salamu. Naomba msaada wa waliokwisha kufunga mfumo kamili wa sinema nyumbani, kwa sababu nimefika mahali ambapo kila ninachokirekebisha kinaharibu kingine, na hakuna kifaa hata kimoja kinachoniambia tatizo liko wapi.

Vifaa vyote ni vipya. Runinga ya 4K imetundikwa ukutani. Amplifaya ya chaneli tano imewekwa kwenye kabati lililo upande mwingine wa chumba, pamoja na mashine ya diski za Blu-ray za 4K, na baina ya amplifaya na runinga kuna kebo moja ya HDMI ya mita 10 iliyopitishwa darini. Spika ni tano na sabufa moja. Mashine ya diski imechomekwa kwenye amplifaya, lakini filamu za intaneti tunazitazama kwa programu zilizomo ndani ya runinga, na sauti yake hurudi kwenye amplifaya kwa kebo hiyohiyo kupitia tundu lililoandikwa ARC.

Nikicheza diski, sauti inatoka kwenye spika zote kama inavyotakiwa, ila picha huzimika ghafla katikati ya filamu kisha ikarudi, na maneno husikika kabla midomo haijafunguka. Nikihamia kwenye programu za runinga, picha imetulia kabisa, lakini kioo cha amplifaya kinaonyesha PCM (sauti ya kidijitali isiyobanwa) ya chaneli mbili, spika za nyuma zinanyamaza, na hapo maneno hufika baada ya midomo kufunga. Nikiongeza ucheleweshaji wa sauti kwenye amplifaya, diski inakaa sawa na programu zinazidi kuharibika. Nikiuondoa, mambo yanageuka. Isitoshe, nikiwasha runinga ili nitazame habari tu, mashine ya diski nayo hujiwasha na amplifaya hubadili chanzo bila kuagizwa.

Nimesoma vijitabu vyote vitatu. Cha amplifaya kinaagiza udhibiti wa HDMI, yaani kifaa kimoja kuamuru kingine kupitia kebo, uwashwe, cha runinga kinashauri uzimwe endapo vifaa vinagongana, na cha mashine ya diski kinapita suala hilo kwa sentensi moja. Watengenezaji wanaouza vifaa vilivyokusudiwa kufanya kazi pamoja wangepaswa kueleza namna vinavyoshirikiana, lakini kila kijitabu kimeandikwa kana kwamba kifaa chake kiko peke yake chumbani. Je, nirudishe amplifaya dukani, au kuna mahali pa kuangalia kwanza?

Fundi wa Kebo

Usirudishe chochote kwa sasa, mkuu. Maelezo yako tayari yana nusu ya jibu, maana umetenganisha njia mbili: diski inapita kwenye amplifaya kuelekea kwenye runinga, na programu zinatoka kwenye runinga kurudi kwenye amplifaya. Ni waya mmoja, lakini kazi ni mbili tofauti, na kila moja ina hitilafu zake. Ukizitibu kwa pamoja utazunguka bila mwisho, kama ulivyoona kwenye ucheleweshaji.

Nitazungumzia picha peke yake. Picha ya 1080p inayobadilika mara 60 kwa sekunde huhitaji takriban gigabiti 4.5 kwa sekunde kwenye kebo ya HDMI, ilhali picha ya 4K ya kasi hiyohiyo yenye rangi kamili hukaribia gigabiti 18, ambacho ndicho kiwango cha juu cha HDMI 2.0. Toleo la 2.1 lilipandisha kiwango hicho hadi gigabiti 48. Kwa hiyo kebo inaweza kupitisha picha ya 1080p miaka na miaka bila doa, kisha ikashindwa siku ya kwanza ya 4K, na isionekane kuwa na kasoro yoyote kwa macho. Kebo ya kawaida ya shaba huanza kutia mashaka ikizidi mita 5 hivi kwa mzigo huo, nawe una mita 10 darini. Sauti inayorudi ni mzigo mdogo sana ukilinganisha na picha, ndiyo sababu programu za runinga hazikatiki hata kidogo.

Kipimo chake ni rahisi na hakigharimu kitu. Ingia kwenye mipangilio ya mashine ya diski, iamuru itoe picha ya 1080p, kisha tazama ileile filamu iliyokuwa ikikatika. Ikipita salama, hamisha mashine na amplifaya karibu na runinga, uziunganishe kwa kebo fupi, urudishe 4K. Ikipita tena, kebo ya darini ndiyo yenye tatizo na amplifaya haina hatia. Tofautisha pia kukatika kwa aina mbili: kioo kuwa cheusi kwa muda mfupi filamu inapoanza si hitilafu, kwa sababu runinga inahamia kwenye HDR (picha yenye mwanga na rangi pana zaidi) na kwenye kasi ya picha 24 kwa sekunde, na vifaa hulazimika kutambuana upya. Kukatika katikati ya filamu ndiko kunakoonyesha kwamba mawimbi yanafika yakiwa dhaifu.

Ukilazimika kubadili kebo, kwa umbali huo tafuta ile inayobeba picha kwa nyuzi za mwanga. Kebo hizo zina mwelekeo: ncha moja imeandikwa ya chanzo na nyingine ya runinga, na ukizigeuza hupati picha kabisa. Hakikisha maelezo yake yanataja pia eARC, yaani toleo jipya la ARC, maana picha husafiri kwa mwanga lakini sauti inayorudi huhitaji nyaya zake za shaba ndani ya kebo hiyohiyo. Na tafadhali, ilaze kwanza sakafuni, utazame filamu nzima, ndipo uipandishe darini.

Mpenda Chaneli Tano

Fundi amemaliza habari ya picha, nami nichukue sauti inayorudi.

ARC ilikuja na HDMI 1.4 mwaka 2009, na haikuundwa kubeba sauti ya chaneli nyingi isiyobanwa. Inapitisha PCM ya chaneli mbili, au sauti iliyobanwa kama Dolby Digital na, kwa runinga nyingi za siku hizi, Dolby Digital Plus. Runinga yako ikiwa imepangwa kutoa PCM, huifungua yenyewe sauti ya filamu, huikunja ikawa chaneli mbili, kisha hukutumia hicho kilichobaki. Amplifaya haina namna ya kurudisha kilichotupwa njiani. Fungua menyu ya sauti ya runinga, tafuta sehemu ya sauti ya kidijitali inayotoka nje, ubadili PCM iwe Bitstream au Auto, au iwe Pass Through (sauti ipite bila kuguswa na runinga) ikiwa chaguo hilo lipo. Jina hutofautiana kati ya runinga na runinga, na mara nyingi limefichwa kwenye kurasa za ndani ambako mtu hafiki bila kutafuta.

Kuna mtego mwingine usiotajwa kwenye vijitabu. Programu ya filamu nayo ina uamuzi wake: baadhi ya filamu zina sauti ya chaneli tano katika lugha asilia lakini lugha iliyotafsiriwa ina chaneli mbili tu, na kuna huduma zinazotoa sauti kamili kwa vifurushi vya juu pekee. Chagua filamu unayoona alama ya 5.1 (chaneli tano na sabufa moja) kwenye ukurasa wake, weka lugha yake asilia, kisha usome kioo cha amplifaya. Usitegemee sikio kwa jambo hili, kwa sababu amplifaya nyingi zina mtindo wa kusambaza sauti ya chaneli mbili kwenye spika zote, na mtu huridhika akidhani amepata chaneli tano.

Ikiwa runinga na amplifaya zote zina eARC, iliyoletwa na HDMI 2.1 mwaka 2017, iwashe pande zote mbili. Inabeba hata sauti isiyopunguzwa kitu. Faida nyingine ni kwamba, tofauti na ARC ya awali, eARC haitegemei ule udhibiti wa HDMI, na hilo litakusaidia kwenye suala la vifaa kujiwasha.

Sasa midomo. Amplifaya inaweza kuichelewesha sauti, haiwezi kuiharakisha. Kwenye diski, sauti inafika mapema kwa sababu runinga inatumia muda kuisafisha picha, basi ucheleweshaji ndiyo dawa sahihi. Kwenye programu, sauti imekwisha kuchelewa kabla haijakufikia, kwa hiyo hapo unatakiwa kupunguza. Weka sifuri kwenye ucheleweshaji wa sauti ya kidijitali ndani ya runinga, na hiyo Pass Through huondoa muda ambao runinga ilikuwa ikitumia kuifungua na kuifunga upya sauti. Amplifaya nyingi hutunza ucheleweshaji wa kila chanzo peke yake, kwa hiyo hakikisha jina la chanzo ulichokichagua ndilo unalolihariri. Watu wengi watakushauri uwashe mtindo wa michezo ya video (Game Mode) kwenye runinga ili kuondoa tofauti ya midomo. Ushauri huo unafaa kwa diski yako, lakini kwenye programu huenda ukaongeza tatizo, kwa kuwa unaiharakisha picha ilhali sauti ndiyo iliyo nyuma.

Usihangaike kutafuta ulinganifu wa milisekunde sifuri. Pendekezo la kimataifa la utangazaji linalojulikana kama ITU-R BT.1359 linaeleza kwamba watazamaji huanza kugundua tofauti sauti ikitangulia kwa takriban milisekunde 45, lakini ikichelewa hawaigundui hadi ifike takriban 125. Naona ni jambo la kimaumbile, kwa kuwa sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde na tumezoea tangu utoto kuona kitu kabla ya kukisikia. Ukishindwa kupata katikati kamili, egemea upande wa kuchelewa.

Mtulivu

Nakubaliana na yote yaliyosemwa, isipokuwa moja. Mimi nisingetumia programu za ndani ya runinga hata kidogo. Kisanduku kidogo cha filamu za intaneti kikichomekwa kwenye amplifaya, kando ya mashine ya diski, kila kitu kinakwenda upande mmoja, ucheleweshaji mmoja unatosha karibu kwa vyote, na huhitaji tena sauti irudi kinyume. Hakikisha tu kwamba kisanduku, tundu la amplifaya na runinga vyote vinakubali HDCP 2.2, yaani ulinzi wa nakala unaotumika kwa filamu za 4K. Kimoja kikikosa, filamu hukataa kuonekana au hushushwa ubora bila maelezo.

Kuhusu vifaa kujiwasha, huo ni udhibiti uitwao CEC, ambao Samsung huuita Anynet+, LG huuita Simplink na Sony huuita Bravia Sync, na hilo pekee linatosha kumpoteza mtu anayeutafuta kwenye menyu tatu tofauti. Mafahali wawili hawakai zizi moja: uache kwenye runinga na amplifaya tu, uuzime kwenye mashine ya diski, na mashine hiyo uiwashe kwa rimoti yake.

Msikilizaji wa Jioni

Wakuu, nawashukuru kwa dhati. Kwa 1080p diski imepita bila kukatika, na kwa kebo fupi imepita hata kwa 4K, kwa hiyo ni kebo ya darini na sasa najua cha kununua. Runinga ilikuwa kwenye PCM. Baada ya kubadili, kioo kimeandika Dolby Digital Plus na spika za nyuma zimezungumza kwa mara ya kwanza kwenye programu. Kisanduku nitakifikiria, ingawa kwa sasa maneno na midomo vimekaribiana kiasi cha kutosumbua. CEC imezimwa kwenye mashine na utulivu umerudi.

Limebaki moja. Wahusika wanapozungumza sauti ni hafifu mno, nikiipandisha, milipuko inatikisa madirisha. Amplifaya ilijipima kwa maikrofoni yake nilipoifunga.

Mpenda Chaneli Tano

Mazungumzo ya filamu hutoka karibu yote kwenye spika ya katikati, basi anza nayo. Angalia nyaya zake: upande mwekundu uende kwenye mwekundu pande zote mbili, kwa kuwa spika iliyogeuzwa nyaya husikika lakini hukosa uzito ikichanganyika na za pembeni. Ielekeze masikioni mwa waliokaa. Ikiwa imewekwa ndani ya rafu, ivute mbele hadi ukingoni, maana ubao ulio mbele yake huyavuruga maneno.

Kisha rudia kipimo cha maikrofoni chumba kikiwa kimya kabisa, feni zikiwa zimezimwa, na maikrofoni ikiwa juu ya mguu wa kamera kwenye usawa wa masikio badala ya kulazwa kwenye kiti. Kipimo kikiisha, usikiamini kwa kila kitu. Mara nyingi amplifaya huziandika spika za mbele kuwa kubwa na kuzipelekea besi zisizoziweza. Zibadili ziwe ndogo, uweke mpaka wa hezi 80 ili sauti nzito za chini ya hapo ziende kwenye sabufa, na kwenye sabufa yenyewe uzungushe kitufe cha mpaka hadi mwisho au uchague LFE (chaneli ya besi), ili vifaa viwili visichuje besi ileile. Spika ya katikati ikipunguziwa mzigo huo, maneno husafika yenyewe. Bado yakiwa hafifu, ipandishie desibeli 2 au 3 spika hiyo peke yake, na usiku washa mtindo unaopunguza pengo kati ya sauti ndogo na kubwa. Wako watakaokukataza mtindo huo kwa hoja kwamba unaharibu kazi ya waliochanganya sauti, lakini ikiwa kuna watoto waliolala chumba cha pili, mimi ningeuwasha bila kusita.

Umbali wa sabufa ukionekana mkubwa kuliko ule unaoupima kwa utepe, usiusahihishe. Amplifaya imehesabu pia muda ambao sabufa hutumia kuichakata sauti ndani yake, na ikiwa sabufa yako iko mita 3 ikaandikwa 4.5, iache hivyohivyo.